Chungu cha Sita

Jumanne, 11 Machi

Mimi, Maroa Wangwe, ndiye dereva namba moja kuanzia Isebania mpaka Mbita, na namba mbili bado hajazaliwa. Punda wa Rongo wananijua. Wakisikia honi ya Probox yangu wanashuka mtaroni wenyewe, kwa adabu. Kuna askari wa trafiki aliyenipigia saluti kwa mikono yote miwili. Shule niliiacha kidato cha pili, si kwa ujinga, ila walimu walikuwa wameishiwa.

Mmoja tu hajaishiwa, na ndiye aliyenilazimisha kuandika haya. Mwalimu Phanice alifundisha Kiswahili hapa Uriri miaka thelathini na moja akastaafu, halafu figo zake nazo zikastaafu. Kila Jumanne na Ijumaa nampeleka Homa Bay kwenye mashine ya kusafisha damu. Gari ni la mwanawe Nicanor, aliye Mombasa. Mashine inachukua saa nne, na mimi hizo saa nne nilikuwa nikilala garini mdomo wazi. Leo amenitupia daftari.

"Nyathina," akasema, maana yake mwanangu, kwa Kijaluo chao, "badala ya kukoroma, andika shajara. Ijumaa unanipa, Jumapili nasahihisha, Jumanne unachukua, unajaza siku zilizopita."

"Niandike nini, Mwalimu?"

"Ukweli. Ndio rahisi kusahihisha."

Sheria ya pale hospitalini Sista Nyatichi ameirudia mpaka ningeweza kuiimba kwaya: saa moja asubuhi mgonjwa awe kwenye kiti. Ikifika saa moja na nusu hajaonekana, kiti anapewa anayesubiri, kwa sababu viti ni vichache na wanaosubiri ni wengi. Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri kamili niwe mlangoni kwa Mwalimu. Akikosa mashine, maji yanabaki mwilini, yanapanda mpaka kwenye mapafu. Hiyo sista hakuiimba. Aliisema mara moja tu.

Ijumaa, 14 Machi

Nicanor ametuma flashi ndogo kama ukucha. Ndani kuna kitabu cha kusikiliza, saa hamsini nzima! Kinaitwa Vyungu Saba vya Mvua. Mfalme Ghubari ameiba mvua ya nchi yote akaifungia kwenye vyungu saba, na binti mfinyanzi anayeitwa Mkiwa anavitafuta. Anaandamana na Dundu, askari mtoro mwenye sikio moja, mwoga kuliko kuku. Anayesoma ni mama mwenye sauti ya kukwaruza, kama aliyekunywa uji wa moto.

Nilicheka. Mimi na hadithi za watoto? Tulipofika Rodi Kopany nilikuwa nimetoka Rongo na gia ya tatu.

"Maroa, gari linalia," Mwalimu akasema.

"Ngoja, Mwalimu, Dundu anatoroka tena!"

Tumewekeana sheria, ameitaja yeye: mmoja akiwa hayupo, kitabu hakipo. Hakuna kusikiliza peke yako. Tumepeana mkono. Mkono wake una uvimbe pale sindano inapoingia, ukigusa unatetemeka kama simu.

Jumanne, 18 Machi

Mvua imeanza. Mwalimu anaruhusiwa kunywa nusu lita kwa siku, basi, pamoja na chai. Ana kikombe cha plastiki cha manjano, cha mtoto. Leo tulipita kwenye maji tupu, vioo vinamwagika, yeye amefyonza kipande cha limau akisikiliza watu wa Ghubari wakilamba mawe.

"Huyu mwandishi," akasema, "amewahi kuwa na kiu."

Ijumaa, 21 Machi

Tulichelewa kutoka kwa sababu mishipa yake ilisumbua. Jua likatuzamia Awendo, na Mwalimu ni Msabato wa kweli, si wa kubahatisha. Wakati huo huo upanga ulikuwa juu ya shingo ya Dundu. Juu kabisa!

"Zima, nyathina. Sabato imeingia."

"Mwalimu, sekunde kumi tu! Shingo ya mtu hiyo!"

"Shingo itangoja mpaka Jumanne."

Mungu ananisikia, nilizima.

Jumamosi, 22 Machi

Niliosha gari.

Jumanne, 25 Machi

Dundu hakukatwa. Nilipiga kelele ya furaha kabla hata upanga haujarudi alani, mpaka Mwalimu akanitazama. Daftari nimelipata lina wino mwekundu kama kichinjio. Kila mahali nilipokosea amekata. Chini ameandika: Una sauti yako mwenyewe. Majigambo yapunguze.

Sipunguzi.

Jumamosi, 29 Machi

Niliosha gari.

Jumanne, 1 Aprili

Lori la miwa lililala barabarani karibu na Rongo. Nilipita kando, kwenye matope, tairi moja hewani, sisemi uongo. Tulifika saa moja kasoro dakika tano. Sista Nyatichi alimpima Mwalimu uzito na uso wake ukabadilika. Miguu imevimba hadi viatu anavibeba kwenye mfuko. Nilibonyeza kidole kwenye mguu wake nikimsaidia kushuka, shimo likabaki pale. Nikalitazama mpaka likajaa.

"Usiniangalie kama keki," akasema.

Tumefungua chungu cha tatu.

Jumamosi, 5 Aprili

Niliosha gari.

Jumanne, 8 Aprili

Hospitalini, kiti cha dirishani ni cha Mzee Joash kutoka Sindo, aliyekuwa akinitania kila wiki kwamba Wakuria hatujui kuogelea ndiyo maana tunaishi mlimani. Leo kiti kina mtu mwingine. Nikamuuliza sista kama mzee amebadilishiwa siku.

"Alikosa Ijumaa," akasema. "Barabara ya kwao ilikatika."

Basi. Niliendesha kurudi bila kujisifu hata mara moja, na Mwalimu akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Niliosha gari.

Jumapili, 13 Aprili

Niliosha gari tena. Lilikuwa limerukiwa na matope.

Jumanne, 15 Aprili

Mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: Gari safi sana kwa msimu wa matope! Nilicheka peke yangu, halafu sikucheka.

Leo alfajiri hakutaka kutoka. Nilimkuta ameketi kitandani na koti, na Risper binti yake amesimama mlangoni analia bila sauti.

"Mwambie wewe," Risper akanirukia. "Mimi hanisikii."

"Nimechoka na sindano," Mwalimu akasema. "Nimechoka kupimiwa maji kama kuku. Mniache nilale."

Nikasema tu, "Mwalimu, Mkiwa tumemwacha pangoni."

Mvua inapiga mabati.

"Na mwenge umezimika," nikaongeza.

"Nipe viatu," akasema.

Njiani akanieleza mpango wake, polepole, kama anayenipa hesabu. "Nataka kusikia chungu cha saba. Kabla ya hapo sifi, na baada ya hapo tutazungumza upya. Nicanor hajui, lakini kile kipande chake cha plastiki ndicho kinachonitoa kitandani. Wewe na hicho."

Kwa hiyo mimi ndiye dawa. Hata daktari hana la kunipiku.

Ijumaa, 18 Aprili

Chungu cha tano. Maji yalimwagika mpaka watu wakapanda juu ya nyumba. Mwalimu alifumba macho akameza mate.

Jumamosi, 19 Aprili

Niliosha gari.

Jumanne, 22 Aprili

Tumekaribia. Mkiwa atashuka kwenye kisima kikavu kutafuta chungu cha sita, na wa kumshikia kamba juu hakuna ila Dundu. Dundu! Msimulizi akavuta pumzi, na hapo hapo tukawa tumefika mlangoni kwa Mwalimu.

"Ataiachia," Mwalimu akasema. "Huyu ataiachia kamba, namjua. Nimefundisha vijana kama yeye."

"Mimi nasema hataiachia."

"Ijumaa tutaona. Na wewe usithubutu."

"Mimi? Mwalimu, mimi ni mtu wa heshima."

Ijumaa, 25 Aprili

Naandika nikiwa hospitalini. Ni saa nne asubuhi na Mwalimu hayuko kwenye mashine. Yuko kwenye benchi ya nje, mkoba mapajani.

Nitaeleza jinsi ilivyokuwa. Nilitoka kwangu Migori mapema mno, saa kumi kasorobo, kama kawaida ya madereva wa kimataifa. Mvua ilikuwa ya kutisha. Mto ulikuwa umepanda juu ya daraja, maji meusi, magogo yanapita kama mamba. Malori yamesimama. Mimi peke yangu ndiye niliyetaka kuvuka, madereva wakanishika shati. Nikasubiri. Maji yalipungua kidogo tu nikaingia, na nikavuka, na watu wakapiga makofi. Simu ilikuwa imeisha chaji, ndiyo maana sikupokea.

Nilifika kwa Mwalimu saa kumi na mbili na robo. Alikuwa amesimama langoni na mwavuli, viatu kwenye mfuko. Risper alikuwa amekwenda stendi kutafuta gari lingine, na mvua hiyo hakuna aliyekubali. Mwalimu hakunigombeza. Ningeomba anigombeze. Aliingia, akafunga mkanda, akasema, "Twende, nyathina."

Niliendesha kama mwendawazimu. Nilipita mambo ambayo sitayaandika kwa sababu Nicanor anaweza kusoma. Kitabu hatukuwasha. Rongo saa imeenda. Rodi saa imeenda. Mwalimu alishika mpini wa juu ya mlango kwa mkono mzima na ule mwingine akaulaza mapajani kama mtoto mchanga. Tulifika saa moja na dakika arobaini na tano.

Sista Nyatichi alikuwa amesimama mlangoni. "Maroa. Saa ngapi?"

"Sista, mto..."

"Nimeuliza saa ngapi."

Kiti kilikuwa kimepewa mama kutoka Mbita aliyekuwa akisubiri tangu jana. Tayari ana sindano, tayari damu inazunguka. Nilipiga magoti. Mimi, namba moja. Nilipiga magoti kwenye sakafu yenye maji na watu wananitazama, nikamwomba sista amtoe yule mama dakika chache tu.

"Inuka," sista akasema. Naye macho yake yalikuwa mekundu. "Nimtoe nimpeleke wapi? Na yeye akiniuliza amenikosea nini?"

Mwalimu akanigusa bega. "Inuka, unachafua suruali."

Saa saba. Tumesubiri kama kuna atakayekosa zamu ya mchana. Wote wamekuja. Kila mlango ukifunguka naomba awe ni mtu mwingine, si mgonjwa, halafu naona mtu anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu na nachukia, namchukia mgonjwa ambaye hajanifanyia kitu. Mwalimu amelamba limau lote.

Saa tisa. Sista ametuita. Amempatia nafasi Jumatatu asubuhi. Mpaka hapo asinywe ila kulowesha midomo, asile ndizi, asile chumvi. Pumzi ikimbana wakati wowote, tusingoje Jumatatu, tumlete mbio. Amenishika mkono akanitazama. "Wewe ndiye miguu yake. Umenielewa?"

Nimeelewa. Barabara ilifurika. Haikuwa kosa la mtu.

Jumapili, 27 Aprili

Naandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Daftari liko kwa Mwalimu, nilimpa Ijumaa kama kawaida.

Sijaosha gari.

Ile Ijumaa tukirudi, tulipopita Rodi, akasema, "Washa. Tusikie cha sita."

Nikawasha. Mkiwa akashuka kisimani. Kamba ikaanza kumkata Dundu viganja. Askari wa Ghubari wakamfikia, wakamchoma mkuki mmoja, wa pili, na yeye yule mwoga, yule mtoro, hakuiachia. Alikufa ameizungusha kiunoni, na uzito wa maiti yake ndio uliomshikilia Mkiwa mpaka akatoka na chungu.

Mwalimu alilia. Alilia wazi, kamasi na yote, akajifuta kwa ncha ya leso. "Nilimhukumu bure," akasema. "Maskini, nilimhukumu bure." Kisha akanigeukia, akakaa akinitazama, kilomita nzima.

"Wewe hukushtuka," akasema.

"Dereva hashtuki, Mwalimu. Akishtuka tunaingia mtaroni."

"Mm," akasema.

Alitazama mvua mpaka nyumbani.

Leo nimepita kumwona. Yuko mezani, amevaa miwani, biro nyekundu mkononi, mito miwili mgongoni. Akisema maneno manne anapumzika. Nikamwambia twende hospitalini sasa hivi. Akasema kesho ndiyo siku tuliyopewa, na leo ana kazi. Risper pia akamsihi. Akatupungia biro kama anayefukuza nzi.

Nimelala kwenye gari, nje ya lango lake. Safari hii hata saa kumi na moja isinikute mbali.

Jumatatu, 28 Aprili

Risper alinigongea kioo saa tisa na nusu alfajiri. Mwalimu alikuwa ameketi wima, mdomo wazi, anavuta hewa haiingii. Kifuani kunachemka kama sufuria. Tulimbeba na kiti chake.

Niliwasha gari, na flashi ikawaka yenyewe, ile sauti ya kukwaruza: "Chungu cha saba." Mwalimu akainua kidole. Hakuweza kusema. Akatikisa kichwa. Risper akazima. Mwalimu akavuta, akavuta, akakusanya hewa ya neno moja.

"Tukirudi."

Sijawahi kuendesha vile. Hapakuwa na punda, hapakuwa na lori, mvua yenyewe ilikuwa imekatika na barabara ilikuwa tupu na nyeupe, nyeupe kabisa, kama imefagiliwa. Ningekuwa na barabara ile Ijumaa. Risper nyuma anamwambia, "Mama, vuta, Mama, vuta," na mimi nikajikuta navuta naye, mpaka kichwa kikazunguka.

Walimpokea mbio. Mashine ilikuwa tayari, Sista Nyatichi alikuwa amekuja kabla ya zamu yake. Kiti kilikuwepo. Tulikuwa tumewahi, tumewahi kwa zaidi ya saa mbili.

Saa tano asubuhi sista alitoka amevua glavu. Hakumwangalia Risper kwanza. Aliniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mbele, nimesimama kama mtu aliyeitwa jina.

Jumapili, 11 Mei

Tumemzika. Nicanor alisema mbele ya watu wote kwamba mto ulimnyang'anya mama yake. Akanishukuru mimi, kwa kuvuka. Watu wakageuka kunitazama kwa heshima. Mvua ilinyesha kaburini, maji mengi, yanapotea tu.

Jumatano, 14 Mei

Risper ameniletea daftari limefungwa kwenye gazeti. "Hii alisema ni yako. Aliisahihisha Jumapili ile, tukamkataza, hakusikia. Akasema kuna swali lake usikose kulijibu."

"Umesoma?"

"Ni ya kwako na yeye," akasema, akaenda.

Nimekaa nalo garini tangu asubuhi. Ukurasa wa tarehe ishirini na tano hauna wino mwingi. Mistari imepinda. Hakukata sarufi hata mahali pamoja. Amezungushia neno "mto", na pembeni ameandika: Mto gani? Chini kabisa, pale anapowekaga alama, hakuna alama. Kuna maneno mawili niliyoyaona kwenye madaftari yangu yote tangu darasa la kwanza, na sijawahi kuyatii: Fanya masahihisho.

Haya, Mwalimu.

Hapakuwa na mto. Ilikuwa mvua ya kawaida, na daraja lilikuwa wazi. Sijawahi kuosha gari Jumamosi yoyote. Nilikuwa nimefunga vioo nikisikiliza kitabu peke yangu, kukutangulia, halafu Jumanne narudia na wewe najifanya sijui. Ijumaa ile nilitoka Migori mapema ili nipate nafasi. Saa kumi na nusu nilikuwa tayari nimefika Uriri. Niliegesha nyuma ya poshomili ya Bichage, kile kinu cha unga, hatua mia mbili kutoka langoni kwako, nikazima taa usinione. Nilisema nitasikiliza robo saa tu, nijue kama Dundu anaiachia kamba. Simu ilikuwa na chaji. Niliilaza kifudifudi kwenye kiti chako, ikawa inatetemeka, na nilijua ni wewe, mara ya kwanza, na ya pili, na ya tisa. Kila mara nilisema amalizie hii sentensi. Dundu alipokufa nililia, nikakaa nikajipangusa uso vizuri ili usijue, halafu nikaja.